Aliyezoea Kuchungulia

Kabla ya kuketi alikijaribu kiti. Alikibonyeza kwa kiganja, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, akasikiliza kama kitalia, ndipo akakikalia. Alifanya hivyo kanisani, kwenye benchi aliyoikalia tangu mimi sijajua kusoma. Alifanya hivyo kwetu Makadara, kwenye kochi zito ambalo baba na jirani zake walilipandisha ngazi kwa kulitukana. Mama alinung'unika jikoni, "Huyu mzee aliona wapi kochi letu likivunjika?" Alifanya hivyo hata Kibokoni, kwenye baraza ya mawe na chokaa iliyokaliwa na watu kabla babu yake hajazaliwa. Alilibonyeza jiwe.

Na huyo ndiye aliyetufundisha, sisi vijana wa kipaimara, kumtumaini Mungu.

Tulimwita Mzee wa Winchi. Aliendesha winchi, mtambo wa kunyanyua shehena, bandarini miaka mingi, enzi za magunia, kabla makontena hayajawarudisha nyumbani watu wa kazi ile. Jina lake limeandikwa kwenye ubao wa wazee wa kanisa, na nitaliacha huko huko. Alikozaliwa bara sikumuuliza, nami mengine yote nilimuuliza mpaka akaniita Maswali.

Darasa lilikuwa Jumamosi alasiri, katika chumba cha nyuma ya kanisa chenye feni moja iliyozunguka kwa hisani. Wenzangu walitaka kumaliza waende zao. Mimi nilinyoosha mkono.

"Mzee, kama Mungu anajua tutakachoomba, tunaomba ya nini?"

"Ameanza," alisema mtu nyuma yangu.

Mzee alikuna kidevu. "Swali zuri. Jibu sina. Tuendelee."

Wakati ule nilimwona mvivu. Baadaye nilikwenda Nairobi kusoma falsafa chuo kikuu, nikidhani nitakutana na watu wengi wanaoweza kusema jibu hawana. Sikukutana nao wengi. Nilirudi kisiwani na shahada, na uchovu ambao sikuujua chanzo chake. Nilikuwa naandika maombi ya kazi asubuhi na kulala mchana. Jumapili nilikwenda kanisani kwa sababu Mama hakuwa na nguvu ya kugombana nami, wala mimi naye. Niliposikia shuhuda za watu waliofunguliwa milango, nilihesabu matofali ya ukutani.

Jioni moja nilikwenda kumwamkia Mzee mtaani Kuze, alikopanga chumba cha juu katika nyumba ya familia moja ya Kiislamu iliyomzoea kama shubaka la ukuta wao. Tukitoka, alifunga mlango kwa ufunguo, akausukuma, akashuka ngazi, akafika chini, akasimama. Nilijua kinachofuata. Alipanda tena kuusukuma. Mama mwenye nyumba, akichambua mchele sebuleni, hakuinua hata uso.

"Baba, mlango huo ungekuwa na mdomo ungekuomba uuache upumzike."

"Nahakikisha tu, mama."

"Hakikisha, baba. Siku mwizi akija tutamwambia umeshahakikisha."

Ukimuuliza njia angekuelekeza vizuri, lakini yeye akiuliza njia aliuliza watu watatu. Dawa ya kikohozi aliisoma karatasi yake yote, pamoja na anwani ya kiwanda. Mtu akimwambia mvua itanyesha, alitoka nje akatazama juu. Nilimpenda kwa hayo. Nilidhani nimepata Mkristo wa aina yangu, mwenye shaka iliyofichwa chini ya tai.

Hata maombi yake yalikuwa ya kuhakikisha. Mkewe alipougua, jumuiya yetu ilikusanyika mara nyingi kwa maombi, naye aliomba kwa maelekezo. "Bwana, yule daktari mrefu, si yule mwenzake. Hiyo dawa ya asubuhi inamtapisha, iangalie. Ni figo la kushoto, Bwana, la kulia halina neno." Wengine waliitikia amina kila baada ya agizo. Mimi nilifungua macho nikamtazama. Mikono yake ilikuwa hewani, ikipanda, ikishuka, ikizuia, kama mtu anayeongoza lori lirudi nyuma kwenye kichochoro.

Mkewe alifariki. Aliyeongoza mazishi alipomwomba mume aombe neno la mwisho, Mzee wa Winchi alisimama kando ya udongo, mikono ikining'inia. Kisha akasema, "Bwana, nimechoka. Amina."

Watu walisema imani imemtoka. Nami, niseme ukweli, nilichangamka. Baada ya wiki chache nilimfuata nikamuuliza waziwazi.

"Mzee, umeacha kuamini?"

"Nimeacha kumwelekeza."

"Kuna tofauti gani?"

Alifikiri. "Sijaijua bado, Maswali. Ila mikono imepata nafasi ya kupumzika."

Tangu hapo maombi yake yalikuwa mafupi na yenye usingizi usingizi. Lakini kiti aliendelea kukijaribu. Mlango aliendelea kuusukuma. Kama alikuwa anajifunza kutumaini, alijifunza kama wengi tunavyojifunza kuogelea ukubwani, mkono mmoja ukiwa umeshika ngazi.

Halafu kasisi wetu akapata wazo. Alikuwa kijana mwenye bidii, aliyependa mifano. Alikuwa amesikia kwamba mwendesha winchi haoni ndani ya meli. Yeye amekaa juu kwenye usukani wake, na shehena inashuka kwenye tumbo la meli ambako wako watu, naye haoni watu wala sakafu. Pembeni mwa mlango wa tumbo lile anasimama mtu mmoja, mpiga ishara. Mkono wake ukipanda, mwendesha winchi anapandisha. Ukisimama, anasimamisha. Basi Jumapili moja kasisi akiwa juu ya mimbari alisema, "Huu si mfano wa imani yenyewe, ndugu zangu? Nami naona mzee wetu yupo. Mzee, simama utushuhudie."

Kanisa zima liligeuka. Mzee alitikisa kichwa.

"Kwa ufupi tu, Mzee."

"Hapana, Mchungaji."

Alisema kwa upole, lakini kama mtu aliyefunga dirisha. Kasisi alicheka kidogo, akaendelea na mfano bila shahidi.

Alasiri ile nilimfuata Kibokoni, kwa maana nilijua atakuwa huko. Kila siku alivuka barabara ya Ndia Kuu kwenda kukaa na rafiki yake, mzee wa mtaa ule mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na mguu wa kushoto usiokunjika, ambao huunyoosha mbele yake barazani kiasi cha wapita njia kuuruka. Nilijua walifanya kazi pamoja bandarini. Siku ile ndipo nilipojua kwamba yeye ndiye aliyekuwa mpiga ishara.

"Kwa nini ulikataa kushuhudia?" nilimuuliza Mzee wa Winchi.

Alijishughulisha na kikombe chake cha kahawa. Mpiga ishara akanitazama, akamtazama mwenzake, macho yakamchekacheka.

"Hajakwambia? Mwanangu, huyu alichungulia!"

"Yakhe, mwache mtoto wa watu," alisema Mzee wa Winchi.

"Simwachi. Ndoo hapa karibu yangu, keti nikupe kisa. Twapakia kahawa. Magunia yamefungwa, yashuka ndani. Miye nimesimama pale pale pangu, mkono wangu huu hapa, nimemwambia simama. Simama! Yeye yuwaona mkono. Lakini nafsi yamwambia, huyu amekawia, labda chini bado. Akainuka kitini atazame mwenyewe. Mtu akiinuka, mkono wake ulio kwenye usukani nao wainuka. Fungu lote la kahawa likaja upande wangu." Alipiga goti lake lisilokunjika kama mtu anayepiga mlango. "Mkono wangu uko hapa, yeye yuwatazama kule."

Nilimwangalia Mzee wa Winchi. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

"Akaja hospitali," mpiga ishara aliendelea. "Wajua alifanya nini? Akakijaribu kiti kwanza, ndipo akaketi akaanza kulia. Nikamwambia kijaribu vizuri, kisije kikavunjika ukalazwa kitanda cha pili, nami nataka kulala."

Alicheka peke yake. Kicheko kile kilikuwa kimetumika miaka mingi, kimelainika kama shilamu ya kiko cha mzee.

Sikuweza kunyamaza. "Lakini kuchungulia ni akili. Mtu anayefuata mkono wa mwingine bila kutazama ndiye mjinga."

"Kutoka pale alipokaa haoni kitu," alisema mpiga ishara. "Hata akichungulia, haoni. Ndiyo maana nikawekwa mimi."

"Na wewe ukikosea?"

"Nikikosea, nimekosea. Lakini siku ile sikukosea."

Hapo ndipo Mzee wa Winchi alipofungua kinywa. "Mkono huu niliutazama kila siku, na tukila nao sahani moja. Haujanidanganya hata siku moja, na bado nilitaka kuona mwenyewe. Sasa kasisi anataka nisimame niseme namtumaini Mungu, ambaye hata mkono wake siuoni? Nitasema nini, Maswali? Naomba tu nisife nikiwa bado nachungulia."

Sikuridhika. Nilirudi nyumbani nikibishana na hewa. Mpiga ishara anaajiriwa, anapimwa, akikosea anaonekana. Mungu nani amempima? Hoja yangu ilikuwa nzuri na bado ninaiona nzuri. Lakini lile neno la mwisho la Mzee wa Winchi lilinikalia mahali ambapo hoja haifiki.

Macho yake yakaanza kumwacha muda si mrefu baada ya hapo. Presha ya macho, alisema daktari. Mzee aliwaendea madaktari wengine wawili, nao wakasema lile lile. Jicho moja lilikuwa limekwenda, na la pili lilikuwa linakwenda, na lililokwenda halirudi. Alimficha kila mtu kanisani. Aliogopa jambo moja: zamu yake ya kusoma somo la Agano la Kale. Sauti yake ilikuwa nzito na safi, na tangu kufiwa, pale kwenye meza ya kusomea ndipo mahali pekee nilipomwona amesimama bila kujishikilia popote. Wakijua haoni, wangempa pole na kumketisha.

Nilikuja kujua kwa bahati. Alikuwa anasoma, nami niliyekuwa mbele nikaona macho yake yametulia mahali pamoja muda wote, na kidole kinashuka kwenye upande wa ukurasa usio na maandishi. Alikuwa ameliweka somo lote kichwani.

Aliyemsomea alikuwa mpiga ishara. Mchana wa wiki nzima, pale barazani Kibokoni, Mwislamu mwenye kofia na miwani ya kununua barabarani alishika Biblia kubwa ya Mzee na kusoma mstari mmoja mmoja, na Mkristo akaukariri. Adhana ya alasiri ikisikika, alifunga kitabu kwa adabu, akakiweka juu ya kitambaa, akaenda kuswali, na mwenzake akabaki akirudia midomoni mpaka arudi. Majirani walipata la kusema.

"Yakhe, wakubatiza lini?" aliuliza muuza kashata.

"Namsomea mwenye mato mabovu, nawe wanipigia kelele. Weka kashata wende zako."

Lakini Mzee wa Winchi alikuwa yule yule. Kila Jumamosi alinipigia simu nimwendee Kuze. Alifunga mlango, akausukuma, akakijaribu kiti, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Amenisomea hivi." Akalisema somo lote. "Ndivyo lilivyo?"

Nilifuata kwenye simu yangu. "Ndivyo lilivyo, Mzee."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Anajua kwamba unamkagua?"

Uso wake ulishuka. "Usimwambie."

Siku moja alipokuwa ameniuliza mara mbili nilichoka kabisa, nikamwambia kitu ambacho labda kilikuwa kikali. "Mzee, bado umeinuka kwenye kile kiti cha winchi." Alitafuta fimbo yake kwa mkono, akaishika kama mtu aliyekumbuka ana safari.

Jumamosi iliyofuata simu haikuja. Nilingoja, kisha nikatoka kumtafuta. Nilimkuta Ndia Kuu, karibu na maduka ya vinyago, akitembea kwa kupapasa ukuta ili kuikwepa mikokoteni. Nilimshika kiwiko. Aliutambua mkono wangu.

"Maswali."

"Hukunipigia. Leo hakuna somo?"

"Lipo. La kesho ni gumu sana. Majina matupu. Ndugu yangu kayasoma mpaka meno yamemuuma."

"Nisomee basi nikuhakikishie."

Alisimama. Pikipiki ilitupita ikipiga honi, naye hakushtuka. Niliona kinywa chake kinataka. Nilimjua vya kutosha kuona jinsi kinavyotaka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshainuka kidogo kunielekea.

"Hapana," alisema, akaushusha. "Ameshanisomea."

"Ni dakika chache tu."

"Najua. Ameshanisomea, mwanangu. Nivushe nikapumzike."

Jumapili alipanda mezani akafungua Biblia mahali popote. Sauti ilikuwa ile ile. Alianza na kuhani mkuu na ndugu zake wakijenga lango, kisha wana wa fulani karibu nao, na karibu nao fulani mwana wa fulani, wakiweka boriti, wakisimamisha milango, wakitia makomeo. Karatasi ya ibada ilisema sura ya nane ya kitabu hicho hicho, pale watu wanapokusanyika uwanjani kusikia Torati ikisomwa. Yeye alikuwa anatusomea ya tatu. Mpiga ishara aliiona nane ya karatasi kuwa tatu, kwa miwani ile ya barabarani. Nilielewa mara moja.

Kurasa zilianza kugeuzwa huku na huku. Mama aliniangalia. Mzee aliendelea, jina baada ya jina, majina magumu yasiyokaa kinywani, bila kukwaa hata moja. Kasisi aliinuka, akamwendea, akamnong'oneza. Mzee alisikiliza. Kisha akaifunga Biblia, akaweka viganja vyote viwili juu yake.

"Ndugu zangu," alisema, "mchungaji ananiambia nimekosea sura. Niwaeleze. Mimi sioni. Ni muda sasa sioni. Huwa nasomewa na rafiki yangu, nami naweka kichwani. Wiki hii amenisomea haya, nami nimewaletea kama alivyonisomea."

Akashuka.

Nje, kasisi alimwambia kwa upole mwingi apumzike sasa, vijana watasoma. Mzee alimshukuru. Nilijitolea kumpeleka nyumbani, akasema si nyumbani, twende Kibokoni. Njiani nilikuwa na hasira na kila kitu. Siku moja tu aliyoacha kuhakikisha, siku hiyo hiyo imemgharimu kile alichokipenda. Nilimwambia hivyo.

"Unaona, Mzee? Ungenisomea jana."

"Naona," alisema, na akacheka kidogo kwa neno lenyewe.

Mpiga ishara alipozipata habari alivua kofia. Sikuwa nimewahi kumwona bila kofia.

"Astaghfirullah. Nimekutia aibu mbele ya watu wako. Mato yangu pia ni ya bure." Alinigeukia. "Na wewe ulikuwa wapi? Si kila wiki wamhakikishia? Wadhani sijui?"

Kumbe alijua. Mzee wa Winchi alisimama pale katikati ya njia, fimbo mkononi, uso wake umejaa haya.

"Wiki hii hakuhakikisha," nilisema. "Alikataa."

Mpiga ishara alimtazama mwenzake kwa muda, mguu wake ukiwa umenyooka mbele yetu kama kawaida. Mdomo wake ulitafuta mzaha wa zamani, ukaukosa.

"Hukuchungulia?"

"Sikuchungulia."

"Na miye ndiyo siku niliyokosea."

"Umekosea, umekosea," alisema Mzee wa Winchi. "Lakini ulisoma vizuri. Majina yote niliyapata. Sasa niambie, ule ukuta uliisha? Mchungaji alinikatiza langoni. Endelea ulipoachia."

"Kwani waenda kusoma tena?"

"Siendi popote. Nataka kusikia."

Alipapasa kwa fimbo mpaka ikagusa baraza. Nilingoja kiganja kishuke kijaribu jiwe. Hakikushuka. Aligeuka, akajiachia kwa uzito wake wote nyuma, kama gunia, na jiwe likawa pale pale lilipokuwa siku zote.

Mpiga ishara alivaa kofia, akaweka miwani, akafungua kitabu. Akaanza polepole, kidole juu ya mstari. Mimi niliketi ukingoni, nikatoa simu, nikaitafuta sura ile, nikaanza kumfuata neno kwa neno.

"Maswali," alisema Mzee wa Winchi, uso wake ukiwa umeelekea upande mwingine kabisa. "Anasoma sawa?"

"Anasoma sawa, Mzee."

"Sikukuuliza kwa ajili yangu," alisema. "Nilijua tu kwamba unachungulia."